Msimamizi Alikuwa Wapi? Namna ya Kupima Ubora wa Utarajali wa Madaktari wa Mifugo



Nimeombwa nizungumzie upimaji wa ubora wa mafunzo ya utarajali katika fani yetu. Naomba nianze na daftari.

Nyumbani ninalo daftari la jalada la kijani, kona zake zimeliwa na mende. Ni la mwaka niliomaliza shahada na kupelekwa kwenye kliniki moja ya wilaya kujifunza kazi. Kila ukurasa una safu nne: tarehe, mnyama, kazi iliyofanyika, sahihi ya msimamizi. Kuhasi mara ishirini, kupima mimba mara hamsini, kuchunguza mizoga kumi, na orodha inaendelea. Nilijaza yote. Mkaguzi alipokuja alilipekua kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai, akaandika "Vizuri sana", akaondoka na gari lake.

Sasa niwaambie ukurasa wa mizoga ulivyojaa. Zilikuwa zimebaki siku nne mkaguzi afike, nami nina mizoga minane tu. Asubuhi akaja kijana na baiskeli: ng'ombe wao amekutwa amekufa malishoni, na jana jioni alikuwa anakula vizuri. Nasema kwa aibu, nilifurahi. Msimamizi wangu alikuwa mkoani kwenye semina. Nikachukua begi, nikapanda nyuma ya baiskeli. Tulipofika nikamkuta ng'ombe amefura tumbo, mwili haujakakamaa inavyostahili, na puani na chini ya mkia inachuruzika damu nyeusi. Dalili zile nilikuwa nimeziandika kwenye mtihani na kupata alama ya juu. Lakini kichwani mwangu palikuwa na namba tisa. Nikachomoa kisu.

Mzee mwenye ng'ombe akanishika kifundo cha mkono. Hakupandisha sauti. "Daktari, damu ya huyu haigandi. Wa namna hii sisi hapa hatumpasui. Weka kisu."

Kilikuwa kimeta. Kila aliyesoma darasa letu anajua kwamba mzoga wa kimeta haufunguliwi. Ukiufungua, vimelea vinakutana na hewa, vinajivika ganda gumu, na vinaweza kukaa ardhini miaka na miaka vikingoja ng'ombe mwingine aje kulisha pale. Kinachotakiwa ni tone la damu kutoka mshipa wa sikio, lililochukuliwa kwa uangalifu na kupakwa kwenye kioo, kisha mzoga uchomwe au uzikwe kwa kina, na walioushika wafuatiliwe afya zao. Nilifanya hivyo, baada ya kushikwa mkono.

Ijumaa msimamizi akarudi. Alisaini mistari kumi na sita kwa mkao mmoja na kalamu moja, akiongea na simu. Mstari wa mzoga wa tisa ulikuwa mmojawapo. Yule mzee hakuwa na safu ya kuweka sahihi.

Kliniki ile siitaji, na msimamizi yule simtaji, kwa sababu hata mimi nikiwa msimamizi nimewahi kusaini hivyo hivyo. Nataka tujiulize jambo moja. Mkaguzi aliyeandika "Vizuri sana" alikuwa amepima nini?

Kwanza, tunapima kitu gani

Kuna mafunzo kwa vitendo ambayo mwanafunzi huyafanya akiwa bado chuoni, likizo au muhula maalumu. Hayo hatuyazungumzii sana leo. Utarajali ni kile kipindi, kwa kawaida mwaka mmoja, ambacho aliyekwisha kupata shahada anafanya kazi ya daktari kamili huku akiwa bado chini ya mkono wa mwingine. Ndugu zetu wa Kenya humwita mwanagenzi, na neno hilo nalipenda, kwa sababu linamrudisha daktari karakana, pale ambapo kijana hujifunza useremala kwa kushika randa mbele ya fundi.

Jambo hili ni la zamani kama fani yenyewe. Claude Bourgelat alipopata ruhusa ya kufungua shule ya tiba ya mifugo kule Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, ng'ombe wa Ulaya walikuwa wanateketea kwa sotoka. Wanafunzi wake wa kwanza walitumwa vijijini kupambana na magonjwa ya ng'ombe kabla masomo yao hayajafika mbali. Tangu hapo fani yetu imelelewa hivi: darasani nusu, zizini nusu. Kabete ya Kenya ilipoanza kufundisha shahada kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima mwaka 1962, na Morogoro ya Tanzania ilipokuwa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, hakuna aliyebishana kuhusu umuhimu wa zizi. Ubishi ulikuwa, na bado upo, juu ya namna ya kujua kama zizi limefundisha.

Sheria zetu zimemaliza nusu ya kwanza vizuri. Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 na Baraza linalosajili madaktari. Kenya ina sheria ya mwaka 2011 inayowahusu madaktari wa mifugo pamoja na wasaidizi wao. Mwaka 2012 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa orodha ya mambo ambayo daktari wa mifugo anapaswa kuyaweza siku ya kwanza kazini, popote duniani. Orodha hiyo inaeleza mlangoni aingie mtu wa namna gani. Mwaka unaofuata mlango huo ndio unaotuchanganya.

Wenzetu wamefanyaje

Nchi zimechukua njia tofauti, na kila njia inaonyesha hofu ya wenyewe.

Marekani utarajali si lazima. Kijana akimaliza miaka yake minne na kufaulu mtihani wa leseni, anaweza kwenda kufungua kliniki kesho yake. Wanaoomba utarajali ni wale wanaotaka uzoefu zaidi, na hasa wanaolenga ubingwa. Waombaji na hospitali hupangwa kwa mfumo mmoja wa kitaifa unaosimamiwa na chama cha wataalamu wa kliniki za wanyama: kila upande unapanga orodha ya unaowataka, na kompyuta inawaoanisha. Mfumo huo ni mzuri wa kugawa nafasi, lakini kugawa nafasi si kuthibitisha ubora wa nafasi. Ndiyo maana manung'uniko ya huko yamekuwa yale yale kwa miaka mingi: hospitali nyingine zinamwita kijana mtarajali, zinamlipa kidogo, kisha zinamkabidhi zamu za usiku. Swali ambalo vijana wa huko wamefundishana kuuliza kabla ya kuomba ni fupi: usiku, bingwa yuko jengoni au yuko kitandani kwake?

Uingereza wamekwenda njia nyingine. Mwaka 2021 Chuo cha Kifalme cha madaktari wa mifugo, kilichoanzishwa kwa hati ya mwaka 1844, kilibadilisha utaratibu wa miaka ya mwanzo ya kazi. Sasa kliniki inayotaka kuajiri daktari mpya inahitaji kuidhinishwa, na lazima iwe na mlezi aliyefundishwa kulea. Mlezi huyo anatakiwa kumtengea kijana muda unaolingana na saa moja kila wiki, pembeni ya kazi za kawaida. Ni saa moja tu, lakini angalieni mahali mzigo ulipowekwa. Kabla hujamkagua kijana, unamkagua anayemlea.

Afrika Kusini wana hofu ya tatu. Kuanzia mwaka 2016 daktari mpya anatumikia jamii mwaka mmoja kabla ya kufanya kazi kwa uhuru, mara nyingi mahali ambako mfugaji hajawahi kumwona daktari. Lengo ni zuri, na linafanana na mahitaji yetu. Lakini mahali ambako mfugaji hajawahi kumwona daktari ndipo pia ambapo mtarajali hana wa kumuuliza.

Hofu zote tatu zinakutana pale pale: kuna mtu mwenye ujuzi karibu na kijana, au hayupo?

Vipimo vinavyotudanganya

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani, aliandika kwamba ubora wa tiba unaweza kutazamwa kwa madirisha matatu: muundo, mchakato na matokeo. Yaani una nini, unafanyaje, na kimetokea nini. Wakaguzi wetu wanayapenda madirisha hayo, na wana haki. Kosa ni kuchungulia dirisha moja na kuandika ripoti ya nyumba nzima.

Dirisha la muundo ndilo rahisi kuliko yote, kwa hiyo ndilo linalotumika mno. Kliniki ina hadubini? Ipo, weka alama. Ina jokofu la chanjo? Lipo, weka alama. Nimeingia maabara moja ambako hadubini ilikuwa nzuri, imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Nikaomba chupa ya rangi ya Giemsa. Ilikuwa imekauka, imeacha ukoko wa zambarau chini. Watarajali wawili walikuwa wamepita pale mwaka mzima wakitibu ndigana kali na ndigana baridi kwa kukisia. Kwenye karatasi ya ukaguzi, hadubini ilikuwa na alama ya vema.

Dirisha la matokeo linavutia zaidi, na linadanganya kwa ustadi zaidi. Tunasema: tuhesabu wangapi walipona. Lakini ng'ombe hupona mikononi mwa daktari mbaya na hufa mikononi mwa daktari mzuri. Ndama mwenye tezi zilizovimba chini ya sikio, homa ya nyuzi 41 na pumzi za haraka, akiletwa siku ya sita ya ugonjwa, anaweza kufa hata akitibiwa na profesa. Mwenzake aliyeletwa siku ya kwanza anaweza kupona hata kama mtarajali amemdunga sindano bila kumpima joto. Tukihesabu uhai na kifo tu, tutampongeza aliyebahatika.

Halafu yapo matokeo ambayo hayaonekani zizini kabisa. Mtarajali amemdunga ng'ombe wa maziwa oksitetrasaiklini. Ng'ombe amepona, mfugaji ameshukuru, kila mtu ameridhika. Je, aliambiwa siku ngapi maziwa yasiuzwe? Kama hakuambiwa, tiba ile imeishia kwenye chai ya mtoto wa mtu mtaa wa pili, na usugu wa vimelea dhidi ya dawa umepiga hatua nyingine mbele. Hakuna safu ya daftari iliyouliza hilo.

Kipimo cha tatu ni dodoso la kuridhika. "Je, uliridhika na mafunzo? Sana, kiasi, sikuridhika." Watarajali huandika sana. Waandike nini? Hawajawahi kuona programu nyingine ya kulinganisha, na anayekusanya karatasi ndiye atakayesaini cheti. Kliniki ikiwa na watarajali watatu kwa mwaka, usiri gani utakuwapo? Msimamizi anaijua miandiko yao.

Na kipimo cha nne ni hesabu ya kazi, ile iliyonitia kisu mkononi. Hesabu ina faida yake, sikatai. Mtu ambaye hajawahi kuingiza mkono kupima mimba hawezi kuitwa daktari wa ng'ombe. Lakini hesabu ikishakuwa ndiyo shabaha, kijana atatafuta mizoga. Mwaka 1990 George Miller, mwalimu wa madaktari wa binadamu kule Marekani, alizipanga ngazi za umahiri kama piramidi: chini kabisa mtu anajua, juu yake anajua namna, juu yake anaweza kuonyesha, na kileleni anafanya, kazini, bila kuandaliwa jukwaa. Daftari langu lilidai nimefika kileleni mara kumi. Ukweli ni kwamba asubuhi ile nilikuwa bado ngazi ya chini kabisa, nimeshika kisu.

Safu ya tano

Pendekezo langu halihitaji kompyuta wala bajeti. Tuongeze safu ya tano kwenye daftari, tuiite "Umbali".

Mwaka 2005 Olle ten Cate wa Utrecht, Uholanzi, alishauri kwamba badala ya kuuliza kama mwanafunzi wa udaktari ana ujuzi fulani, tuulize tunaweza kumkabidhi kazi gani, na kwa usimamizi wa kiasi gani. Fikra hiyo imeenea sana, na walezi wa Uingereza niliowataja wanaitumia. Mimi naitafsiri kwa lugha ya zizi. Umbali wa kwanza: mtarajali anatazama, msimamizi anafanya. Wa pili: mtarajali anafanya, msimamizi yuko ubavuni. Wa tatu: mtarajali anafanya, msimamizi yuko mahali anapoweza kuitwa na kufika upesi. Wa nne: mtarajali anafanya peke yake, msimamizi anapata habari baadaye. Wa tano: mtarajali ndiye anayemsimamia mwingine.

Basi kila kazi iandikwe na umbali wake. Mkaguzi akikaa na daftari la namna hiyo, atasoma mambo ambayo hakuna aliyekusudia kumwambia. Chukueni mstari huu wa mfano: "Siku ya 3 ya mafunzo. Ng'ombe, kuzalisha, kichwa cha ndama kimegeukia nyuma. Saa 8 usiku. Umbali: 4." Mstari mmoja tu huo. Kijana wa siku tatu, kwa taa ya simu, mkono umeingia hadi begani, anasukuma ndama arudi ndani ili apate nafasi ya kukigeuza kichwa, kizazi kinabana mkono hadi vidole vinakufa ganzi, na hakuna wa kumwambia apumzike, avishe kamba miguu ya mbele kwanza, au aache kuvuta kwa sababu hapa pameshahitaji kisu. Huenda alifaulu. Huenda ndama leo ni dume la mbegu. Programu bado ilishindwa usiku ule.

Sasa fungueni daftari la kliniki nyingine. Mwezi wa 11, kuhasi mbwa, umbali wa 2. Kupima mimba, umbali wa 2. Kila mstari, wa 2. Hapa kuna ugonjwa wa pili: msimamizi asiyeachia. Huyu kijana atapewa cheti mwezi ujao na wiki inayofuata atakuwa peke yake wilayani, na itakuwa mara yake ya kwanza kuamua kitu.

Programu nzuri inaonekana kwa mwendo wa namba. Zinaanza 1 na 2, zinapanda kwenda 3, zinafika 4 kwa kazi za kawaida, huku zikibaki 2 kwa kazi adimu na za hatari. Na ikitokea namba imerudi nyuma, kwa mfano kutoka 4 kwenda 2 baada ya kosa, hiyo ni dalili ya afya. Maana yake kuna mtu aliyeona kosa na kusogea karibu tena.

Mtaniuliza, nani atazuia watu kuandika namba za uongo, kama walivyosaini kwa kalamu moja? Hakuna daftari lisilodanganywa. Ndiyo maana mkaguzi hawezi kuishia kwenye daftari.

Mtaka cha mvunguni

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkaguzi wa utarajali lazima ainame mahali pane.

Ainame kwanza kwenye kazi yenyewe. Madaktari wa binadamu kule Marekani walianza miaka ya 1990 kutumia utaratibu wa kumtazama mwanafunzi akiwa na mgonjwa halisi kwa dakika 15 au 20, kisha kumweleza hapo hapo alichofanya vizuri na alichokosea. Sisi tuna mgonjwa aliyefungwa kamba mtini. Simameni pembeni mtazame. Kijana alimuuliza mfugaji maswali kabla ya kumgusa mnyama? Alipima joto kabla ya kushika bomba la sindano? Alipapasa tezi? Alisema dawa imetolewa kwa uzito gani, na uzito huo aliukadiria kwa utepe au kwa macho? Alieleza siku za kusubiri maziwa na nyama? Robo saa hiyo itawaambia zaidi ya kurasa arobaini.

Ainame pili kwenye simu. Achague usiku mmoja bila taarifa, achukue simu ya mtarajali, apige namba ya msimamizi saa 8. Ahesabu inaita mara ngapi. Kama haipatikani, ripoti imeshaandikwa.

Ainame tatu kwa mtarajali mwenyewe, lakini kwa wakati unaofaa na kwa swali linalofaa. Wakati unaofaa ni baada ya cheti kutoka, na majibu yakusanywe na baraza, yaunganishwe ya miaka mitatu ndipo kliniki ionyeshwe, ili asijulikane nani alisema nini. Swali linalofaa si "Uliridhika?" Mwulizeni hivi: "Mara ya mwisho ulipomwambia msimamizi wako 'sijui', kilitokea nini?" Jibu la swali hilo ndiyo programu yenyewe. Kama alichekwa, kama aliambiwa "Ulisoma nini miaka mitano?", basi tangu siku ile aliacha kuuliza na akaanza kukisia, na waliolipa ni wanyama. Tunawaambia watoto kuuliza si ujinga. Tuangalie kama tunawaambia na madaktari. Na wahenga wamesema ng'ombe avunjikapo guu malishoni hujikokota zizini kusaidiwa. Mtarajali aliyevunjika guu asipokuwa na zizi la kurudi, atajificha vichakani na kosa lake.

Mwulizeni pia mambo madogo ambayo wakubwa huyaona ni ya kudeka. Alichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kabla ya kugusa mbwa wa kwanza? Ugonjwa ule dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, na chanjo ya kujikinga ipo. Alipewa glovu ndefu za kuzalishia, au alishika kondo la ng'ombe aliyetupa mimba kwa mikono mitupu, kwenye eneo lenye brusela? Posho ilifika? Nauli ya kwenda kwa mfugaji ilitoka mfuko gani? Programu isiyomkinga mtarajali haiwezi kumfundisha kumkinga mtu mwingine.

Nne, na hapa ndipo tunapokwepa zaidi, ainame kwa mfugaji. Achukue majina kumi kwenye daftari, aende. Aulize: daktari kijana alikuja siku aliyosema? Alikueleza ugonjwa ni nini kwa maneno uliyoyaelewa? Alikwambia maziwa usiuze hadi lini? Ulipomwambia jambo unalolijua wewe, alisikiliza? Wafugaji wetu wana majina ya magonjwa, wanajua misimu yake na malisho yanakopatikana. Wanaona kazi ya mtarajali mara nyingi kuliko msimamizi anavyoiona. Kuwaacha nje ya tathmini ni kumtupa shahidi pekee aliyekuwapo.

Kisha kazi isiishie mwaka ule. Baada ya mwaka mmoja, na tena baada ya mitatu, mfuateni mtu huyo alipo. Bado yuko kwenye fani? Anaitwa kwenye kesi ngumu au anazikimbia? Anawalea wengine kwa namna gani? Aliyelelewa kwa kusainiwa ovyo atasaini ovyo. Hilo ni tokeo la programu kama mengine.

Gharama, na nani alipe

Najua mnachotaka kusema, kwa sababu nimekaa kwenye viti hivyo. Msimamizi wetu ana kata kadhaa, pikipiki moja, na mafuta ya wiki mbili kwa mwezi mzima. Tanzania ina zaidi ya ng'ombe milioni 30, mbuzi na kondoo juu yake, na madaktari ni wachache. Unamtaka asimame ubavuni kwa nani?

Hoja hiyo ni ya kweli, ila mimi naipeleka kwingine. Kama wasimamizi ni wachache, tupunguze watarajali kwa kila kituo, tusipunguze usimamizi. Kituo chenye msimamizi mmoja kisipewe watarajali sita eti kwa sababu nyumba ina vyumba vitatu. Vituo vichache vyenye walezi wa kweli vina thamani kuliko vituo vingi vyenye mihuri. Saa moja kwa wiki ya Waingereza ni kama saa 50 kwa mwaka. Mtu asiyeweza kuzipata saa 50 kwa ajili ya kijana mmoja asipewe kijana, na kumnyima si kumwadhibu.

Tuwafundishe wasimamizi kulea, maana kuzalisha ng'ombe na kumfundisha mwingine kuzalisha ni fani mbili. Mwenye mikono mizuri mara nyingi ndiye mwenye haraka ya kumnyang'anya mwanafunzi kamba. Saa za ulezi zihesabiwe kazini, ziingie kwenye tathmini yake ya mwaka na kwenye kupanda kwake daraja. Leo msimamizi anayelea vizuri hapati chochote isipokuwa kuchelewa nyumbani.

Tena tuache ubahili wa vyeo. Ofisa mifugo mwenye stashahada na miaka ishirini ya josho na chanjo anaweza kumsimamia daktari mpya katika mambo mengi, na aandikwe hivyo kwenye daftari. Kushika mbuzi bila kumvunja, kupanga siku ya chanjo kijiji kizima kabla barafu haijayeyuka kwenye kasha, kuzungumza na mwenyekiti wa kijiji: nani kati yetu alifundishwa hayo na profesa?

Mwisho, baraza likishapima, lichapishe. Kituo kilichofaulu kijulikane, kilichoshindwa kipewe muda wa kujirekebisha, kisiporekebika kiondolewe kwenye orodha. Tathmini inayofungiwa kabatini inampa mkaguzi posho ya safari na haimfikii mtarajali anayefuata.

Kabla ya kuja hapa nililifungua tena lile daftari la kijani. Ukurasa wa mizoga, mstari wa tisa, bado unasomeka. Nikachukua kalamu, nikachora safu ya tano pembeni kwa mkono, nikataka kujaza umbali. Aliyesaini alikuwa mkoani, zaidi ya kilomita sitini. Aliyenisimamia alikuwa amenishika mkono.